Mpiga Pasi Aliyefanyizwa "Mazoezi" ya Kumkana Mwanawe

Jua ndiyo kwanza laingia kwa mlango wa nyuma wa duka la dobi, na pasi ya kwanza imeshapata moto. Mwanamke aliyesimama nyuma ya meza ndefu, iliyotandikwa blanketi kuukuu na shuka nyeupe juu yake, achovya kidole katika bakuli la maji, adondosha tone juu ya bati la pasi. Tone lachemka, lacheza, latoweka.

"Imekubali," asema, na kulivuta shati la kwanza.

Kola kwanza, kisha mabega, kisha mikono. Kifua huachwa mwisho, kwa kuwa ndicho kitakachotazamwa. Haendi mbio, wala mkono wake hausiti. Kwa zaidi ya miaka ishirini amesimama mahali hapa, na mtaa mzima humwita Bi Pasi. Kwa siku hunyoosha mashati yasiyopungua sitini, mbali na mashuka na suti, na jioni mkono wake wa kulia huvimba hata kukamata kikombe humshinda.

Mteja wa mapema aingia na koti begani. Ni mtu mzima, wa kuheshimika kwa mavazi.

"Bi Pasi, jana usiku wamekuonyesha tena!" asema akicheka. "Mama mkali wewe! Mwana wa kumzaa mwenyewe ukamwambia maziwa yako haramu? Basi koti langu nalo lisikukosee, usije ukalikana."

"Koti lako halina kosa, baba," ajibu bila kuinua macho. "Kilichokunjamana ni ulimi wa mwenye koti. Siku moja niletee nao, nitaupitishia moto."

Mteja acheka zaidi, atoka. Bi Pasi hacheki. Aiweka pasi juu ya kitako chake, ajifuta uso kwa ncha ya mtandio.

Maneno hayo ya maziwa aliyatamka, na halikani hilo. Lakini namna alivyotamkishwa, wakati alipotamkishwa, na jinsi waliomtamkisha walivyoyatumia, ni jambo ambalo kila mwenye mama anapaswa kulijua kabla hajakaa mbele ya televisheni yake kustarehe. Majina ya familia hii hayatatajwa hapa. Yameshatajwa vya kutosha, tena na wasiokuwa na haki ya kuyataja.

Mwanawe wa mwisho, ambaye nyumbani huitwa Kitinda, alikuwa akijifunza ufundi wa umeme alipoanza kutumia unga. Yaliyofuata yajulikana katika nyumba nyingi. Vyombo vilipungua jikoni, redio ikatoweka, kisha kijana mwenyewe akawa anatoweka. Siku moja alipita dukani mama yake akiwa kwenye sala, akachukua suti ya bwana harusi iliyokuwa imeshanyooshwa na kutundikwa, akaenda kuiuza.

"Nilimwomba radhi mama yake bwana harusi kwa magoti," asema Bi Pasi. "Mwenye duka angenifukuza, angekuwa na haki. Akanionea huruma, akanikata mshahara mpaka suti ikalipika."

Hata hivyo familia haikukaa kitako kulia. Kaka yake Bi Pasi, dereva wa malori aliyestaafu, alihamia kwa dada yake na godoro lake kichwani. Kila asubuhi alimwamsha mpwa wake, akamwogesha akishindwa kuoga, akaenda naye kwa miguu hadi kliniki kunywa dawa ya kutuliza arosto, yale maumivu ya mwili unaoudai unga.

"Nimeendesha malori yaliyokatika breki," asema mjomba huyo, "lakini hakuna mzigo ulionitoa jasho kama yule mtoto mteremkoni. Leo anakwenda, kesho anakaa barabarani, anasema 'Mjomba, niache.' Namwambia, 'Gari langu halina gia ya kurudi nyuma, inuka.' Anainuka. Kesho yake tunaanza upya."

Wakaendelea hivyo kwa miezi. Hatimaye Kitinda mwenyewe akatamka kwamba yu tayari kwenda katika nyumba ya matibabu, ile ambayo wakazi wake huiita soba. Nafasi ikatafutwa, ikapatikana. Mfuko wa nguo ukafungwa. Kwa hakika, kazi iliyo ngumu kuliko zote ilikuwa imekwisha kufanyika, na haikufanywa na mtu yeyote wa televisheni.

Ni katika siku hizo ndipo watu wa kipindi cha maisha halisi kiitwacho *Mlango wa Mwisho* walipobisha hodi. Kipindi hicho huonyesha familia ikimkalisha chini ndugu yao mraibu na kumtaka achague: tiba, au kutengwa. Mjomba ndiye aliyeshauri wakubaliwe.

"Nilisema mficha maradhi, kifo humuumbua," akumbuka kwa majuto. "Nikadhani wazazi wengine wataona tulivyofanya, wajifunze. Kumbe methali nayo huhitaji kuangaliwa inatiwa mkononi mwa nani."

Familia ikawaeleza wageni wake kwamba kijana ameshakubali, na mfuko ule pale. Badala ya kumshukuru Mungu, mwongozaji wa kipindi akashika kichwa.

"Akasema, 'Mama, subirini kidogo. Mtangazaji wetu yuko safarini. Akienda sasa, tutakuwa hatuna hadithi,'" asema Bi Pasi.

Hawatakuwa na hadithi! Mgonjwa amekubali dawa, naye aambiwa asubiri ili ugonjwa upate kupigwa picha. Lau daktari angefanya hivyo, angeitwa mbele ya sheria. Aliyefanya hivyo na kamera begani aliitwa mbunifu.

Wakasubiri. Wageni ni wageni, na Bi Pasi alilelewa kuamini kwamba mgeni aliyekaribishwa hapingwi kwa kila neno. Katika kusubiri huko Kitinda, ambaye moyo wake ulikuwa umejikaza kwa safari, alilegea, na unga ukamrudia.

Siku ya kurekodi ilipofika, sebule iligeuzwa. Pazia jipya lilishushwa kwa sababu lilionyesha nafuu. Kadi ya kliniki iliyobandikwa ukutani ilibanduliwa. Kisha mwongozaji akamtazama Bi Pasi, aliyekuwa amevaa gauni lake la heshima, lililonyooka kama karatasi, akamwomba avae jingine lililokunjamana.

"Nikamuuliza, 'Baba, kwani mimi kazi yangu ni nini?'" asema Bi Pasi. "Akasema, 'Watazamaji waone ulivyochoka.' Nilichoka, ndiyo. Lakini sijapata kuchoka hata nikatoka mbele za watu na makunyanzi. Nikavaa. Hilo ndilo nililojutia kwanza, kabla sijajua kwamba kubwa zaidi lipo njiani."

Alikalishwa kitini, kipaza sauti kidogo kikabanwa kifuani. Mwongozaji, ambaye kwa umri Bi Pasi angeweza kumzaa, alimwita mama kwa sauti ya asali, akamwambia kwamba ni mazoezi tu ya kujaribu sauti na kamera bado hazijawashwa. Akamtaka atamke lile neno zito kuliko yote, ambalo mama akimwambia mwana, mwana hutetemeka.

"Nikamwambia, 'Neno hilo halifanyiwi mazoezi, mwanangu. Likitoka limetoka.' Akanijibu, 'Lakini huna nia, Mama. Na mambo yote si hutegemea nia?'"

Tazama hila ilivyovaa kilemba. Mwanamke ambaye hawezi kupita siku bila kumtaja Mola wake alifungwa kwa kamba ya imani yake mwenyewe. Akafumba macho, akajiwekea moyoni kwamba ni ulimi tu, akasema: "Tangu leo sina radhi nawe. Na maziwa niliyokunyonyesha sikuhalalishii."

Kamera zilikuwa zinarekodi. Na nyuma ya mlango wa jikoni alikuwa amesimama Kitinda, aliyeletwa na msaidizi mmoja wa kipindi na kuambiwa asubiri aitwe.

"Nilisikia kikombe kikianguka," asema Bi Pasi. "Nilipogeuka nikamwona uso. Mwanangu alikuwa mweupe kama shuka hii. Alitoka mbio bila viatu, nami nyuma yake, na mtu wa kamera nyuma yetu sote."

Hapo hapana budi kusema waziwazi. Yapo maneno ya kuchezea, na yapo maneno ya kuogopwa. Wahenga waliposema radhi ni bora kuliko mali, hawakuwa wakipamba mazungumzo. Walikuwa wakimhesabia maskini utajiri wake. Mpiga pasi huyu hana shamba, hana nyumba ya kurithisha. Kitu pekee ambacho mwanawe angerithi kwake ni kauli ya kwamba mama yangu yu radhi nami. Hicho ndicho walichokwenda kumnyang'anya kijana mgonjwa, kikatumika kuwa tangazo la kipindi, kikirushwa kati ya sabuni na mafuta ya kupikia.

Dini na uungwana vyote viwili vyaamrisha kusitiriana. Mgonjwa huvuliwa nguo mbele ya tabibu kwa haja ya tiba, na haja ikiisha hufunikwa. Ni tiba gani hii inayomvua mtu mbele ya mtaa mzima, kisha ikaondoka na nguo zake?

Mjomba alimtafuta mpwa wake kwa majuma mengi. Alimkuta katika uwanja wa mabasi akiosha magurudumu, amekonda mpaka mifupa ya mabega inamsukuma shati.

"Nikamwambia, 'Twende nyumbani.' Akasema, 'Mjomba, nyumba ya nani? Mimi nimeshatolewa.' Nikamwambia, 'Basi twende kwangu.' Akacheka kidogo, akasema, 'Wewe nawe unakaa kwa Mama.' Nikaona bado ana akili. Siku hiyohiyo nikampeleka soba. Hakuna aliyepiga makofi, wala hapakuwa na muziki."

Alikuwa huko, bado katika majuma ya kutapika na kutetemeka kwa ajili ya kupona, kipindi kiliporushwa kwa mara ya kwanza. Kilimalizika kwa picha ya kijana akikimbia peku, na maandishi yakapita chini ya kioo: *Alikataa msaada. Hadi sasa hajulikani aliko.*

Mjomba asema alikuwa amewapigia simu watu wa kipindi mapema kuwaeleza aliko. Waliitikia, wakamshukuru kwa taarifa, na maandishi yakabaki vilevile.

Katika ukumbi wa soba kuna televisheni moja. Wakazi waliketi kutazama, na Kitinda alikuwa miongoni mwao. Msimamizi wa nyumba hiyo, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa mtumiaji, aeleza kilichotokea asubuhi yake.

"Nilimkuta langoni na mfuko begani. Nikamwambia, 'Ndugu yangu, subiri hata chai.' Akasema, 'Chai haimsaidii mtu asiye na mama.' Nikajua huyu akitoka leo, tutamzika. Nikampigia simu mama yake."

Bi Pasi hakuwa amekaa bure. Alikwisha kwenda kwa mwalimu wa msikiti wa mtaani kuuliza hukumu ya neno alilolitamka. Mwalimu alimwambia kwamba kauli isiyo na nia haimfungi mwana, ila moyo uliojeruhiwa kwa neno hauponi kwa fatwa. "Nenda ukamtafute mwenyewe umwambie," alimshauri. Tatizo ni kwamba soba hairuhusu wageni katika majuma ya mwanzo, na yeye alikuwa akiheshimu kanuni hiyo.

Simu ilipolia aliiacha pasi mezani, akaondoka na aproni yake iliyolowa wanga. Walikutana wakiwa wametenganishwa na lango la vyuma.

"Nilimwambia, 'Radhi yangu unayo, mwanangu. Hukupata kuikosa hata siku moja. Maziwa yangu ni halali yako.' Hakuinua uso. Akasema, 'Siku ile nayo ulisema hivihivi, Mama. Sauti ni ileile. Nitajuaje ya leo ni ipi?'"

Kisha kijana akachungulia nyuma ya bega la mama yake, kama atafutaye kitu, akauliza: "Wamekwambia useme nini leo?"

"Nani?"

"Wao."

Msimamizi asema hajapata kuona mtu akibadilika vile. Mama aliyekuja akilia alijifuta machozi mara moja, akashika vyuma vya lango kwa mikono miwili.

"Wao? Hebu nitazame, mtoto we! Uliiba suti ya bwana harusi wa watu! Siku ya ndoa mtu kavaa suruali ya shemeji yake, imemwishia hapa!" Akajipiga kwenye muundi. "Nami nimekaa kimya mwaka mzima kwa kuwa niliambiwa mgonjwa hagombezwi. Ugonjwa gani huo usiojua duka lingine ila la mama yako? Utarudi pale dukani, utasimama na pasi mpaka mgongo uombe talaka, na yule bwana harusi utamnyooshea nguo zake bure mpaka aitwe babu! Unanisikia? Na huo mfuko uutue chini, shati ulivyolikunja humo ndani hata mbuzi hakunji hivyo!"

Wakazi walitoka ukumbini kuja kusikiliza. Mmoja aliuliza kama mama huyu aletewe kipaza sauti. Mwingine akajibu: "Cha nini? Wafu wenyewe wamesikia."

Kitinda alianza kucheka. Alicheka mpaka akaketi chini, na kicheko kikageuka kilio. Kisha akauvua mfuko begani, akampa msimamizi.

"Huyu sasa ndiye Mama," alisema. "Yule wa kwenye televisheni simjui."

Kijana huyo mwenyewe, alipotembelewa kwa idhini yake, alilieleza hivi: "Mama hajui kukana mtu. Anajua kugomba. Ningemsikia akigomba siku ile, ningeingia ndani nikala fimbo, basi. Lile la kimyakimya, la macho kufumbwa, lilinitisha kwa sababu halikuwa lake."

Mtayarishaji wa kipindi, alipoulizwa, alikataa kutajwa, ingawa yeye hutaja wenzake kwa wepesi. "Familia ilisaini," alisema. "Tunaonyesha ukweli. Watazamaji hawawezi kukaa kumwangalia mtu akinywa dawa kila asubuhi."

Kwa nini wasiweze? Kupona ndivyo kulivyo. Ni mjomba kuamsha mpwa, ni mama kufua mashuka yaliyotapikiwa, ni kuanguka leo na kuinuka kesho bila muziki. Anayeyakata hayo akabakiza kilio, kisha akaita kilichobaki ukweli, ni sawa na achinjaye kuku akauza manyoya kwa jina la nyama. Na kusaini kwa mtu aliyedanganywa kwamba kamera zimezimwa ni kusaini gani?

Sasa kituo cha televisheni kimetangaza kukirudia kipindi hicho chote, mchana na usiku, katika juma lilelile ambalo Kitinda atatoka soba. Tangazo lake ndilo linalorushwa kila jioni, na ndilo alilolishangilia mteja wa koti. Bi Pasi alikwenda kituoni, amevaa gauni lililonyooka, kuomba jambo moja tu: maneno yale yaondolewe. Alijibiwa kwamba yataondolewa kwa sharti. Yeye na mwanawe warudi kurekodi sehemu ya pili, wapatane mbele ya kamera.

"Nikawaambia, tumeshapatana. Wakasema, 'Mnaweza kupatana tena.' Nikasimama. Nikawaambia, 'Neno la kwanza mliliita mazoezi. Hili la pili mtaliita nini?' Nikaondoka."

Msimamizi wa soba hafichi hofu yake. Majuma ya mwanzo nje ya lango ndiyo yanayoua, asema, na mwenye kovu usidhani kapoa. Mtu mmoja wa kumcheka kijana njiani, teja mmoja aliyetumia naye unga zamani wa kumwita pembeni, watosha. Mjomba alipendekeza mpwa wake abakizwe ndani mpaka kipindi kipite, au atolewe kwa njia ya nyuma, ile ya vichochoro inayofika nyumbani bila kupita madukani.

Walimuuliza mwenyewe. Kitinda alifikiri kidogo, akasema: "Tupite barabara kuu, Mama. Vichochoro nimevichoka."

Basi ndivyo itakavyokuwa. Bi Pasi ameshaomba ruhusa kwa mwenye duka, na mjomba ameshatafuta viatu vinavyomtosha mpwa wake. Watatoka langoni kwa miguu, mchana kweupe, watatu sambamba, wapite mbele ya kinyozi, mbele ya mkahawa wa chai na mbele ya duka la simu, kote ambako televisheni huwashwa tangu asubuhi. Kesho yake kijana ataanza kazi kwenye meza ya mama yake, na mwenye duka ameshakubali.

Alipoulizwa kama haogopi macho ya watu siku hiyo, Bi Pasi aligeuza shati upande wa pili, akalinyunyizia maji.

"Naogopa, kwa nini nisiogope? Lakini hao wote kwenye vioo vyao watamwona mwanangu akikimbia," alisema. "Wakigeuza shingo tu mlangoni, watamwona akirudi."